Pengo la Milimita Nne

Nilianza kumshuku fundi mkuu wa karakana kwa sababu ya nati moja. Ilikuwa Jumanne asubuhi, katika ile baridi ya mwezi wa saba ambayo Sumbawanga haiondoki mpaka saa nne. Nilikuwa nimevaa masweta mawili na bado vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Niliwasha taa ya stoo, nikainama mbele ya kigari changu, nikaona kwamba nati inayoshikilia kihisi cha mbele, upande wa kushoto, ina mikwaruzo mipya ya spana. Nati hiyo nilikuwa naikaza mwenyewe, siku zote kwa vidole, kwa sababu kihisi chenyewe kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati na niliogopa kukivunja. Spana sikuwahi kuigusisha pale.

Ijumaa iliyotangulia kigari hicho kilikuwa kimeelea hewani kwa dakika kumi na moja. Jumanne hiyo nilipokiwasha kilinyanyuka, kikatulia kwa pumzi mbili tatu, kikaanza kutetemeka, kisha kikajibamiza kwenye reli kwa mlio uliosikika mpaka karakana ya pili.

Stoo ile ilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja nilikuwa nao mimi. Wa pili alikuwa nao fundi mkuu.

Nieleze kwanza kigari kilikuwa nini. Nilikuwa nafundisha umeme katika chuo cha ufundi pale mjini, na wakati huohuo nasoma shahada ya pili katika chuo kikuu cha mbali. Mada yangu ilikuwa mfumo wa kudhibiti magari yanayoelea kwa sumaku, yale ambayo yakikimbia hayagusi chini, hubebwa na nguvu ya sumaku kwenye njia yake. Kazi niliianzia kwenye maabara ya chuo kikuu. Halafu mama akapatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, na kwa kuwa ndugu zangu wote walikuwa na familia na mimi sina, ilionekana wazi nani arudi nyumbani. Profesa wangu alikubali nikamalizie huku, kwa sharti kwamba nitengeneze mfano mdogo na kumtumia kumbukumbu za kila jaribio.

Mfano huo ndio kigari. Kilikuwa na ukubwa wa mkate. Mikono yake minne ilishuka kando ya reli na kuingia chini yake, na kwenye kila mkono nilifunga sumaku ya umeme, koili niliyoisuka mwenyewe kwa waya wa shaba nilioutoa kwenye mota zilizoungua za mashine za kusaga. Sumaku zilikaa chini ya reli, zikaivuta reli, na kwa kuivuta zikajinyanyua zenyewe pamoja na kigari kizima.

Shida ya sumaku ni kwamba kadiri inavyokaribia chuma ndivyo inavyozidi kuvuta. Ukiiacha hivihivi, ama itanasa kwenye reli, ama itaanguka. Hapo katikati haina mahali pa kupumzika. Ndiyo maana vihisi hupima pengo kati ya sumaku na reli mara maelfu kwa sekunde, na programu niliyoiandika huongeza au kupunguza umeme kwenye koili kabla mambo hayajaharibika. Pengo nililolitaka lilikuwa milimita nne. Kazi yangu yote, miaka miwili ya usingizi mdogo, ilikuwa kuzilinda hizo milimita nne.

Fundi mkuu alikuwa mwanamume wa umri wa baba yangu, mfupi, mwenye viganja vipana na tabia ya kushika kitu kabla ya kukitazama. Alikuwa amefanya kazi ya chuma tangu ujana wake. Stoo ilikuwa yake. Mkuu wa chuo alipomwambia anipishie nusu, alihamisha mabati na vyuma vyake bila kusema neno, na mimi nikachukua kimya hicho kuwa ni kinyongo. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kwa kawaida maongezi yetu yaliishia hapo.

Ijumaa ile ya dakika kumi na moja, nilipomwonyesha kigari kikielea kwa mara ya kwanza, hakushangaa wala hakucheka. Alichukua karatasi, akaipitisha kati ya sumaku na reli upande mmoja, kisha upande wa pili. Halafu akapitisha mkono juu ya reli nzima, polepole.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Kinachokishika."

"Sumaku ndiyo inayokishika."

"Na umeme ukikatika?"

"Kinaanguka."

"Na watu wakiwa ndani?"

Nikamweleza kwamba magari makubwa ya namna hii hubeba betri zake, na yana viatu vya kutelezea yasije yakaanguka vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo halijatulia," alisema. "Linaanguka muda wote, ila linawahiwa."

Sikuwahi kusikia mtu akieleza kazi yangu kwa ufupi namna ile, lakini sikumwambia. Alipofika mlangoni aligeuka, akaitazama meza ndefu ya mbao niliyofungia reli.

"Hiyo meza siipendi," alisema, akaenda zake.

Nilielewa kwamba anataka nafasi yake irudi.

Kwa hiyo Jumanne ile, mbele ya nati yenye mikwaruzo, sikuhitaji kufikiri sana. Niliifungua, nikaikaza upya kwa vidole, nikajaribu tena. Kigari kikatetemeka, kikajibamiza. Nilibadilisha betri. Nilipima kila waya kwa mita. Umeme wa mjini kwetu hupanda na kushuka, na huo ndio ungekuwa mtuhumiwa wangu wa kwanza, lakini kigari kilitumia betri, hakikugusa umeme wa ukutani hata kidogo. Kila nilipoondoa sababu moja, iliyobaki ilikuwa na sura ya mtu.

Jioni nilimpigia profesa.

"Grafu zako za Ijumaa ni nzuri mno," alisema. "Za leo ni mbaya mno. Kigari kilekile, programu ileile. Nieleze."

"Nadhani kuna mtu anakigusa."

"Hilo si jibu la kihandisi."

"Najua. Lakini nati imekazwa kwa spana."

Akaniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, kama za Ijumaa nilizipata kweli kwenye kigari au nilizitengeneza kwenye kompyuta. Nilimwambia nilizipata kwenye kigari. Alisema hajasema nadanganya, ila nifikirie nitamthibitishiaje, maana wataalamu watakaoisoma kazi yangu watauliza hivyohivyo.

Nilikata simu nikiwa sina mtu wa kumwambia isipokuwa mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko la mkaa, mkono mzima ukiusugua ule uliolegea. Nilimweleza habari za fundi.

"Anatoka wapi huyo?" aliuliza.

"Sijui. Bondeni, nadhani."

"Ana watoto?"

"Sijui, mama."

"Miezi yote hiyo mnafungua mlango mmoja," alisema, "na hujui hata kwake hawajambo." Kisha akaniambia jambo lingine, kwamba jirani yetu alipita mchana kumwuliza kama ni kweli binti yake ananing'iniza chuma hewani.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni masomo."

Mji wetu una sifa ya uchawi ambayo sisi wenyeji tumechoka kuieleza kwa wageni. Mtu wa Dar es Salaam akisikia unatoka Sumbawanga hurudi nyuma hatua moja kwa utani, kisha hukuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nilikuwa nimezoea kuucheka utani huo. Sasa ulikuwa umeingia kwenye uzio wa chuo. Wiki hiyohiyo mkuu wa chuo aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akaniuliza hali ya mama, na mwishoni kabisa, huku akipanga kalamu zake, akasema, "Mwalimu, ule mlango uwe unafungwa. Wanafunzi wasiingie kwanza. Kuna mzazi ameuliza."

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza tu."

Nilitoka pale nikihesabu watu. Mkuu, mzazi nisiyemjua, jirani, profesa, fundi. Niliporudi stoo nilifunga mlango, nikakaa muda mrefu nikiutazama ufunguo wangu.

Siku iliyofuata nilitega. Nilikuwa nimechekecha unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mama, nikachukua kiasi kidogo kwenye mfuko wa plastiki. Kabla ya kwenda nyumbani niliunyunyizia mezani kandokando ya reli, mwembamba kama vumbi. Asubuhi nilikuta alama ya kiganja, kipana, vidole vyote vitano, karibu na mguu wa reli. Lakini fundi alikuwa na haki ya kuingia stoo, na kuweka mkono mezani si kosa. Nilihitaji zaidi.

Kigari chenyewe ndicho kilichonipa. Jioni iliyofuata nilizima sumaku lakini vihisi nikaviacha vimewashwa, na kompyuta nikaiacha inarekodi, kioo chake kikiwa cheusi. Mbali na vile vya kupima pengo, kigari kilikuwa na kihisi kingine kinachosikia mtikisiko. Asubuhi nilifungua kumbukumbu nikiwa bado nimesimama, begi begani. Usiku kucha mstari ulikuwa umelala. Saa moja na dakika kumi asubuhi uliruka. Pigo moja, kisha mawimbi yanayofifia. Pigo la pili. La tatu. Yalikuwa sita kwa jumla, na kila moja lilikuwa na nguvu tofauti, kama yaliyoanzia ncha moja ya reli kuelekea nyingine.

Mtu alikuwa anaigonga reli yangu.

Niliichapisha grafu kwenye mashine ya ofisi, nikaenda nayo moja kwa moja karakana. Wanafunzi walikuwa hawajaingia. Fundi mkuu alikuwa anapanga vijiti vya kuchomelea kwenye kopo. Sikumwamkia. Nilimwekea karatasi mbele yake.

Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda.

"Imeandikwa na nini hii?"

"Na kigari chenyewe. Saa moja na dakika kumi."

"Umenitegea," alisema. Hakusema kwa hasira. Alionekana kama mtu aliyechoka ghafla.

"Kwa nini unaigonga reli yangu, mzee?"

"Chuma chako kinaimba." Aliiweka karatasi chini. "Kikianza kutetemeka, ile sauti si ya kigari. Ni ya reli, na ya meza pamoja nayo. Nikiwa huku karakana nimeegemea ukuta naisikia mgongoni. Nilikuwa naigonga nijue inaimbia wapi."

"Na nati?"

"Ilikuwa imelegea. Niliikaza robo mzunguko."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia meza siipendi. Ulinijibu nini?"

Sikuwa nimemjibu chochote. Ndipo akasema jambo ambalo sikulitegemea, akiwa ameanza tena kupanga vijiti vyake.

"Na ujue kabisa. Mkuu aliniambia nikuangalie. Unafanya nini, nani anaingia, unabeba nini. Kila Ijumaa ananiuliza."

"Na unamwambia nini?"

"Kwamba unasuka koili. Ndicho ninachokiona."

Ningependa kusema kwamba hapo moyo wangu ulilainika. Haikuwa hivyo. Nilirudi stoo nikiwaza kwamba mtu akikiri kosa kubwa bila kuulizwa, huenda anataka uliache dogo lipite. Habari ya reli inayoimba niliiona kuwa kisingizio kizuri, kilichotungwa na mtu anayejua kwamba mimi sina masikio ya chuma.

Saa ya chakula cha mchana nilijifungia. Nilichukua pigo la kwanza kwenye grafu, nikahesabu mawimbi yake kadiri yalivyofifia. Ishirini na mawili kwa sekunde. Kisha nikafungua kumbukumbu ya Jumanne, pale kigari kilipoanza kutetemeka kabla ya kujibamiza, nikahesabu na hapo. Ishirini na mawili.

Nilihesabu tena yote mawili, nikitumaini nimekosea.

Kule maabara ya chuo kikuu reli ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye zege. Milinganyo yangu yote niliiandika nikichukulia kwamba reli haiendi popote. Huku niliifunga kwenye meza ya mbao yenye miguu mirefu. Sumaku ikivuta, reli ilikuwa inashuka kidogo, unene wa unywele labda. Kihisi kinasema pengo limepungua. Programu inapunguza umeme. Reli inarudi juu. Kihisi kinasema pengo limeongezeka. Programu inaongeza umeme. Kila sahihisho lilikuja wakati uleule ambao reli ilikuwa inakwenda upande huo, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea. Programu yangu, kwa uaminifu wake wote, ndiyo iliyokuwa inakitikisa kigari mpaka kinaanguka.

Na ile Ijumaa? Nilifikiri sana, kisha nikakumbuka. Ijumaa ile shangazi alikuwa ametuletea gunia la mahindi kutoka Kaengesa, na kwa kuwa sakafu ya stoo ina unyevu, nililiweka juu ya meza mpaka nilipopata bodaboda ya kulipeleka nyumbani. Zile dakika kumi na moja zilikuwa za gunia.

Niliburuta sanduku la vifaa na gia boksi chakavu la gari dogo, nikavipandisha mezani kwa tabu. Nikawasha. Kigari kikaelea kimya kabisa. Nikaviondoa. Kikatetemeka. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu nilikaa chini kwenye sakafu, mikono imejaa grisi.

Saa tisa nilikwenda karakana. Alikuwa anamwelekeza mwanafunzi kuchomelea, kwa hiyo nilisubiri.

"Mzee," nikasema, "reli inaimba."

"Inaimba," alijibu.

Msamaha sikuuomba. Nilijua natakiwa kuuomba, nikadhani kusema vile kunatosha. Alijitolea kunitengenezea stendi ya chuma na kuimwagia zege miguuni, kazi ya siku mbili. Nilikataa, na nikamweleza sababu: gari la kweli la namna hii hupita juu ya madaraja na nguzo, na madaraja hupinda. Kama mfumo wangu unahitaji njia isiyopinda kamwe, basi haufai nje ya maabara. Aliitikia kwa kichwa.

"Basi nitakugongea," alisema.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozipenda kuliko zote katika kazi ile. Niliibadilisha programu. Niliiwekea kichujio ili isiukimbilie ule mtetemo wa mawimbi ishirini na mawili. Nikaifanya ikisikilize zaidi kile kihisi cha mtikisiko, kwa sababu kihisi cha pengo peke yake hakiwezi kujua kama kigari ndicho kilichoshuka au reli ndiyo iliyopanda. Nikaviweka vihisi vyote vichunguzane, na kimoja kikianza kusema kitu kisicholingana na wenzake, programu ikipunguzie imani, na kikiendelea, ikiache kabisa. Kila siku mchana fundi alikuja na nyundo ya mpira. Aligonga, tukatazama. Kigari kilipoanguka alisema, "Bado," na kurudi kwenye kazi zake. Siku moja hakikuanguka. Aligonga tena, kwa nguvu zaidi, nacho kikazama kidogo na kurudi.

"Sasa kinajua mimi ni nani," alisema, na ndiyo mara pekee nilipomwona akitabasamu ndani ya stoo ile.

Nilikuwa nimeanza kumwuliza habari za nyumbani kwake. Niligundua kwamba ana watoto watano na kwao ni Ilemba, na kwamba anaitumia likizo yake kulima mpunga.

Profesa alipanga tufanye jaribio la mwisho kwa video, yeye na wenzake wawili wakitazama. Asubuhi ya siku ya kuamkia jaribio nilifungua stoo, nikakuta waya wa kihisi cha nyuma umekatika. Haukuchomoka, ulikatwa. Mkato ulikuwa safi, kama wa koleo.

Fundi aliingia nyuma yangu, nyundo ya mpira mkononi. Niligeuka nikamtazama. Sikusema lolote, ila uso wangu ulisema. Ulidumu sekunde moja, labda mbili, kisha nikatazama chini. Lakini alikuwa ameshauona.

Alivua ufunguo kwenye pete yake, akauweka mezani.

"Mzee, sijasema kitu."

"Najua hujasema," alijibu. "Ukikatika tena, utajua si mimi."

Mkuu wa chuo alisema ni panya. Nimekulia kwenye nyumba yenye kihenge cha mahindi. Najua panya huacha alama za meno. Nilimfikiria mkuu mwenyewe, na mzazi aliyeuliza tu, na mfagiaji, na watu ambao hata sikuwa na sababu ya kuwafikiria. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba mchana uliotangulia mimi mwenyewe nilikuwa nimekata vifungo vya plastiki karibu na waya huo, kwa koleo, nikiwa na haraka ya kwenda kumbadilisha mama nguo. Huenda ni mimi. Huenda si mimi. Mpaka leo sijui, na hakuna kihisi kilichokuwa kinarekodi.

Waya niliulehemu. Siku ya jaribio niliweka simu juu ya rafu ili kamera ione reli yote. Profesa alitaka reli igongwe bila mimi kujua lini. "Geuka utazame ukutani," aliniambia. "Kuna mtu wa kugonga?"

Nilikwenda karakana kumwomba. Alikuja, akaifuta mikono, akawasalimia wale wa kwenye simu kwa heshima. Nikageukia ukuta. Kwa muda mrefu hakukuwa na sauti isipokuwa mvumo mdogo wa koili. Kisha aligonga, na aligonga kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia. Nilisikia meza nzima ikiitika. Nilisubiri mlio wa chuma kujibamiza. Haukuja.

"Tena," ilisema sauti ya profesa.

Aligonga mara nane au tisa. Mwishoni walitaka kihisi kimoja kichomolewe kigari kikiwa hewani. Nilikichomoa mwenyewe. Kigari kiliinama upande mmoja kama mtu aliyekanyaga mahali pabovu, kisha kikanyooka.

"Sawa," profesa alisema. "Sasa ninacho cha kuwaonyesha wanaouliza."

Nilipogeuka kumshukuru fundi, alikuwa ameshatoka.

Nilifaulu. Ufunguo alikataa kuuchukua tena. Ulikaa kwenye droo ya ofisi. Tuliendelea kusalimiana, shikamoo na marahaba, na habari za mama alikuwa anauliza daima. Mwaka uliofuata alistaafu akarudi kwao.

Mama alipopata nafuu ya kutembea kwa fimbo, nilishuka Ilemba kumwona, nikiwa na nakala ya tasnifu yangu iliyojalidiwa. Nilitoka kwenye ubaridi wa juu, na basi lilipomaliza kona za mteremko nilikuwa nimevua sweta na bado natokwa jasho. Nilimkuta chini ya banda la bati akinyoosha jembe la plau la jirani. Mke wake alinikaribisha kwa wali na samaki. Baada ya kula nilimpa kitabu.

Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuisoma sana, lakini alipekua mpaka akafika kwenye grafu ya mapigo sita. Aliitambua mara moja. Akaweka kidole kwenye mstari ulio chini yake.

"Hapa wamesemaje?"

Nikamtafsiria. "Reli iligongwa kwenye sehemu sita, kutoka ncha moja hadi nyingine."

"Iligongwa na nani?"

Nilimweleza kwamba maandishi ya kitaalamu ndivyo yalivyo, hayamtaji mtu, husema tu kilichofanyika. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwanzoni mwa kitabu kuna ukurasa wa shukrani, na kwamba nilipouandika, wiki chache baada ya ule waya, niliwashukuru wafanyakazi wote wa chuo kwa ujumla wao.

Nilitoa kalamu kwenye mkoba, nikaomba kitabu, na pembeni ya ile grafu nikaandika kwa Kiswahili nani aligonga, na kwa nini. Niliandika jina lake lote. Alisoma polepole, akapuliza wino ukauke.

"Na cha kwenye maktaba yao?"

"Cha maktaba hakiwezi kubadilishwa tena."

Alikifunga, akakipeleka ndani, na aliporudi tulizungumza habari za mpunga, na kama mvua ya mwaka ule itatosha, mpaka basi la kupanda mlima lilipopiga honi barabarani.